Mwandishi chipukizi asiufungie mswada wake kabatini

Wengi wanaotamani kutunga riwaya humu nchini huwa na dhana mbili zinazowakwamisha. Ya kwanza ni kwamba kuandika hadithi fupi, tamthilia au makala ya gazeti ni kuisaliti riwaya. Ya pili ni kwamba mswada haufai kuonwa na mtu yeyote hadi ukamilike. Matokeo yake yanafahamika: miaka inapita, mswada unapelekwa kwa mchapishaji ukiwa haujawahi kusomwa na jicho jingine, na jibu likija ni barua ya mistari mitatu ya kuukataa. Wapo wanaotundika kalamu siku hiyo hiyo.

Historia ya fasihi yetu inaonyesha njia tofauti. Marehemu Ngugi wa Thiong’o, aliyefariki Mei 2025, alipokuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Makerere mwanzoni mwa miaka ya sitini, alikuwa na miswada miwili ya riwaya mkononi. Mmoja, alioutunga kwa ajili ya shindano la uandishi, ndio uliokuja kuwa The River Between. Wa pili ulikuwa Weep Not, Child. Hata hivyo, hakujifungia na riwaya hizo. Alichapisha hadithi fupi katika Penpoint, jarida la idara ya Kiingereza chuoni humo, akaandikia magazeti ya Nairobi, na Novemba 1962 tamthilia yake, The Black Hermit, ikaigizwa jijini Kampala katika shamrashamra za uhuru wa Uganda.

Kazi hizo za kando zilikuwa na faida ambayo riwaya peke yake haingempa. Juni 1962, waandishi wa Kiafrika wanaotumia Kiingereza walikutana Makerere, na mwanafunzi huyo akaalikwa kwa sababu ya hadithi fupi alizokuwa amechapisha. (Shaaban Robert, aliyefariki mwezi huo huo, hakualikwa kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili, jambo hilo Ngugi mwenyewe alikuja kulilalamikia baadaye.) Katika mkutano huo alimwendea Chinua Achebe, ambaye riwaya yake, Things Fall Apart, ilikuwa imechapishwa mwaka wa 1958, akamkabidhi mswada wa Weep Not, Child. Achebe aliusoma, akatoa maoni, kisha akauwasilisha kwa kampuni ya Heinemann. Riwaya hiyo ilitoka mwaka wa 1964.

Kila utanzu hufunza jambo lake. Makala ya gazeti humzoesha mwandishi makataa na idadi ya maneno. Tamthilia humfunza kusikiliza jinsi watu wanavyozungumza, maana mazungumzo ya kubuniwa vibaya huumbuka jukwaani papo hapo. Lakini hadithi fupi ndiyo yenye manufaa makubwa zaidi, kwa maoni yangu, kwa kuwa humlazimu mtunzi kufikia mwisho. Nimeona mezani pangu miswada mingi yenye sura tatu za kuvutia na kumi na mbili za kuyumbayumba. Mara nyingi mtunzi wake hajawahi kumaliza kisa chochote, hata cha kurasa tano.

Msomaji wa mswada naye si lazima awe mwandishi maarufu. Mwaka wa 1977, Ngugi wa Thiong’o na Ngugi wa Mirii walipowapelekea wanakijiji wa Kamiriithu, Limuru, rasimu ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda, wakulima na wafanyakazi ndio walioisahihisha lugha yake na kuongeza nyimbo na kumbukumbu zao. Walikuwa wakiyajua maisha yaliyosimuliwa humo kuliko wasomi waliyoyaandika. Vivyo hivyo, mtunzi kutoka Bungoma mwenye mhusika aliyezaliwa Lamu amtafute mtu wa Lamu ausome mswada, la sivyo mhusika huyo atazungumza Kiswahili cha kitabu cha sarufi.

Wa kuepukwa kwanza ni jamaa wa karibu. Mama mzazi atasifu, ndugu atasema kazi ni nzuri, na hakuna litakalorekebishwa. Chagua watu wawili au watatu wanaopenda kusoma riwaya na wasiojuana. Usiwaulize iwapo wameipenda kazi yako. Swali hilo hujibiwa kwa adabu. Waulize walichoka ukurasa gani, ni mhusika yupi waliyemsahau, na walidhani nini kingefuata.

Wakitoa maoni, sikiliza na uandike. Usiitetee kazi yako, kwa sababu riwaya ikishachapishwa hutakuwapo kumfafanulia kila mnunuzi. Wasomaji wawili wakikwama mahali pamoja, hapo pana kasoro. Dawa wanayoipendekeza, hata hivyo, huenda isifae: msomaji anaweza kusema sura ya tisa ni ndefu, kumbe tatizo ni kwamba katika sura ya nne hakupewa sababu ya kumjali mhusika.

Aidha, usiitoe sura ya kwanza pekee mapema mno. Ikisifiwa utaing’arisha mwaka mzima, ikikosolewa utaianza upya mara kumi, na kwa vyovyote vile sura ya pili haitaandikwa. Maliza rasimu nzima, hata ikiwa na matege, uiweke kando wiki kadhaa. Katika wiki hizo ndipo hadithi fupi inapopata nafasi ya kuandikwa.