Kunguru wa methali si huyu wa Mombasa

Kila nikifundisha methali ‘Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake’ hapa Eldoret, wanafunzi wa kutoka Mombasa hucheka. Kunguru gani huyo mwoga? Kwao, kunguru humpokonya mtoto andazi mkononi mchana peupe!

Wana haki ya kucheka. Neno ni moja, ndege ni wawili. Kunguru wa wahenga ni yule mwenye kifua na shingo nyeupe, ambaye huku kwetu bado tunamwona kwenye mapaa na majaa. Huyu wa Mombasa, mwembamba na mwenye shingo ya kijivu, asili yake ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19 asafishe taka, na kufikia 1947 alikuwa ameonekana Mombasa. Hula mayai na makinda ya ndege wengine, na yule mwenyeji amesukumwa kando. Mnamo 2024, KWS ilitangaza mpango wa kuwaangamiza milioni moja. Mgeni ametwaa mji, akatwaa na jina. Binafsi ningependa kamusi zimwite ‘kunguru wa Kihindi’, methali ibaki na mwenyewe.

Hebu tushuke ufuoni. Agosti ikiisha, vitabu vya kutafsiriwa hutuambia ni ‘mwisho wa kiangazi’. Kiangazi cha nani? Pwani yetu, huo ni wakati kusi inalegea na demani inabisha hodi. Ndipo ndege wa kaskazini ya mbali wanapowasili kwenye hori ya Mida, karibu na Watamu, na mlangoni mwa mto Sabaki. Ukitaka kuwatazama, usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa. Utaona vidoti tu. Nenda yakianza kujaa, yawasogeze kwako.

Wengi tutasema ‘ndege wa pwani’, basi. Kumbe mwenye mdomo mrefu uliopinda chini ni sululu, neno ambalo sisi wa bara tunalijua kama kifaa cha kuchimbia. Mtazame akichokora kaa matopeni! Yule mdogo wa mbiombio ni kitwitwi. Chekeamwezi, ambaye ni mwenyeji, jina lake ni kitenzi na nomino vilivyoshikana, naye husikika zaidi usiku.

Majina haya yamo vinywani mwa wavuvi wazee kuliko vitabuni. Mwanaisimu kijana anayehangaikia mada ya tasnifu na apande basi la Malindi, daftari mkononi.