Kumsaka babu wa Ungoni (Sehemu ya Pili): Nani alimwandika, na alitaka nini kwake?

Wiki iliyopita tulikaa na wazee. Leo tunaingia kwenye makaratasi, na hapa ndipo wengi hukata tamaa mapema, wakiamini kwamba babu aliyezaliwa kijijini kabla ya Vita Kuu ya Kwanza hakuandikwa popote. Ni kweli kuzaliwa kwake hakukuandikwa, maana serikali ya kikoloni haikumlazimisha Mwafrika kumsajili mtoto wake. Lakini babu huyo huyo alidaiwa kodi, alihubiriwa dini, aliajiriwa, na kila aliyetaka kitu kwake alikuwa na daftari. Kwa hiyo usianze kwa kuuliza jina lake limeandikwa wapi. Uliza kwanza nani alitaka nini kwake, na wakati gani.

Turudi kwa mtu wetu wa mfano: mwanamume wa Ungoni, mtoto mdogo wakati wa Vita vya Majimaji, aliyekwenda kukata mkonge Tanga na kufia huko. Wajukuu wako Dar es Salaam. Wanachojua ni jina lake la ubatizo, ukoo wake ni Komba, na kwamba "alitoka Songea". Mtu huyu nimemtunga, ila waliopita njia yake ni wengi mno. P. H. Gulliver alipowachunguza Wangoni na Wandendeule kwa kitabu chake cha mwaka 1955, mada yenyewe ilikuwa hiyo: wanaume wanaoondoka kwenda kutafuta kazi mbali.

Karatasi ya kwanza wanayoikimbilia wajukuu ni wasifu wa marehemu, ule unaosomwa msibani. Utunzeni, lakini msiuamini mwaka wa kuzaliwa. Mara nyingi mwaka huo ulikisiwa na karani aliyekuwa na foleni mbele yake, na tarehe ikawekwa 1 Januari au 1 Julai ili mambo yaende. Kinachoaminika zaidi ni kauli kama "wakati wa Majimaji alikuwa akibebwa mgongoni". Vita vilianza Umatumbi Julai 1905 na kufika Ungoni Septemba. Mtoto wa mgongoni wakati huo kazaliwa kati ya 1903 na 1905, hata kama kitambulisho cha uzeeni kinasema 1912.

Sasa tuje misheni, kwani kwa Ungoni huko ndiko kwenye hazina. Wamisionari Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898, na Kigonsera mwaka uliofuata. Mwaka 1905 misheni ya Peramiho ilichomwa, naye Padre Franziskus Leuthner akauawa. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Kingoni pale Songea mjini, na Padre Johannes Häfliger aliwabatiza baadhi yao wakiwa kizuizini, wakisubiri kitanzi. Pamoja na hayo yote, baada ya vita na njaa iliyofuata, watu walimiminika kwenye katekesimu. Ukikutana na Gallus au Kasian mwenye asili ya Ungoni, huna haja ya kuuliza jina hilo lilitoka kwa nani: ni la Wabenediktini hao.

Daftari la ubatizo la zamani liliandikwa kwa Kilatini. Usitishike, maneno ni machache na yanajirudia. Kila mstari una tarehe, jina jipya, baba, mama, mahali, msimamizi na padre aliyebatiza. Mtu mzima aliyebatizwa huwekewa umri wa kukisia, na neno utakaloliona ni "circiter", yaani yapata. Msimamizi naye usimpuuze: huwa ni jirani, katekista au ndugu aliyetangulia kubatizwa, na jina lake laweza kukupeleka kwenye kijiji ambacho familia imekisahau.

Utamu, hata hivyo, uko pembezoni mwa ukurasa. Sheria ya Kanisa Katoliki inataka ndoa ya mtu iandikwe pia kwenye daftari la parokia alikobatizwa, popote pale atakapofungia ndoa. Mtu wetu akibatizwa Peramiho na kufunga ndoa kanisani Tanga, padre wa Tanga alitakiwa kupeleka taarifa Peramiho, nayo ikaandikwa kando ya mstari ule ule: jina la mke, mahali, tarehe. Mstari mmoja, na safari ya kilomita mamia imefungwa pande zote mbili. Hutokea taarifa haikutumwa, au ilitumwa ikapotea, ila usiondoke parokiani kabla ya kusoma pembezoni.

Jambo moja huwachanganya watu hapa. Parokia mpya inapozaliwa, madaftari ya nyuma hubaki kwa parokia mama. Kama kijiji cha babu leo kiko chini ya parokia iliyoanzishwa miaka ya 1960, huko humpati. Uliza ile ilikatwa kutoka wapi. Nenda na barua ya paroko wako, toa na sadaka kidogo, na usitegemee kuachiwa daftari upige picha kurasa zote. Lina siri za watu wengine, wakiwemo watoto walioandikwa bila baba.

Kwa familia za Kiislamu njia ni nyembamba. Msikiti hauna daftari la kuzaliwa, hivyo utategemea vyeti vya ndoa na talaka, hati za mirathi, na masheikh wanaojua nani alisomeshwa na nani.

Tanga ni habari nyingine. Tangu mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuwatafuta wafanyakazi, SILABU, iliyowachukua vijana kutoka Songea, Kigoma na kwingineko kwa mkataba. Shambani mtu alipewa namba na kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Akimaliza ngwe yake siku hiyo, karani anaitia kadi alama. Asipoimaliza, siku haihesabiki. Ujira wake ulipatikana kadi ikishajaa. Kwenye daftari la mshahara utakuta namba, jina moja, na pengine kabila. Ukoo Komba hakuna. Babu aweza kuwa kaandikwa kwa jina la baba yake, au kwa jina alilojipa siku ile kwa sababu zake mwenyewe, ikiwemo kukimbia deni la kodi nyumbani. Mashamba mengi yamebadilisha wenyewe na makaratasi yao yamechomwa au yameliwa na mchwa. Ningekuwa wewe ningeanza na wazee wa kambini waliofanya kazi korona, yaani kwenye mtambo wa kuchakata mkonge, kisha makaburi ya shamba, ndipo nikaulize ofisini.

Kodi ndiyo iliyomsukuma kuondoka, na ndiyo iliyomfuata. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba miaka ya mwisho ya karne ya 19. Waingereza wakatunga sheria yao ya kodi ya nyumba na ya kichwa mwaka 1922. Stakabadhi ilitunzwa kama roho, maana kukutwa huna ni kukamatwa. Ulizeni kile kibweta cha bibi. Mwenye wake zaidi ya mmoja alidaiwa zaidi, kwa hiyo stakabadhi yenye kiasi kikubwa kuliko cha kawaida yaweza kuwa habari ya bibi ambaye hajawahi kutajwa mbele yenu.

Kuna neno la tahadhari kuhusu kabila linaloandikwa humo. Wangoni waliofika kutoka kusini katikati ya karne ya 19 walikuwa wachache, na waliwaingiza jeshini na majumbani mwao mateka na wenyeji: Wandendeule, Wapangwa, Wabena, Wamatengo na wengine. Karani aliandika "Mngoni" akamaliza. Ukiuliza zaidi ya hapo, mzee anaweza kunyamaza, kwa sababu unagusa nani alikuwa bwana na nani alikuwa mateka, na baadhi ya madai ya mashamba na uongozi wa ukoo bado yamekaa juu ya swali hilo. Mimi husubiri. Shangazi husema siku nyingine, tukiwa jikoni, wakati baba wadogo hawapo.

Wiki ijayo tutaingia Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam: mafaili ya Kijerumani na vitabu vya wilaya vilivyoandikwa na maofisa wa Kiingereza. Kabla ya hapo, andika kwenye karatasi moja majina yote ambayo babu aliwahi kuitwa, la nyumbani, la ubatizo, la kazini na la utani, na kando ya kila moja aliyekuwa akimwita hivyo. Bila orodha hiyo, utapita juu ya jina lake ndani ya faili usilitambue.