Moyo wangu ulipopoteza mwendo: niliyobadilisha nyumbani na shambani

Leo nyanya na parachichi tuziweke pembeni kidogo. Nataka tuongee kuhusu mtaji ambao hakuna anayeuandika kwenye daftari la shamba: moyo wa mkulima mwenyewe.

Mwaka juzi nilikuwa tambarare, chini ya Masama, nikiwaelekeza vijana kuchanganya dawa ya kupuliza. Ghafla moyo ukaanza kurukaruka kifuani kama samaki kwenye ndoo. Jasho jembamba, kizunguzungu. Kijana mmoja akaniambia, "Bwana shamba, kaa kivulini, ni jua tu." Nikakaa, ikapita. Ikarudi mara ya pili, ya tatu, safari hii usiku. Ndipo nikaenda hospitali.

Walinipima umeme wa moyo. Vyumba vya juu vya moyo wangu vilikuwa vinatetemeka badala ya kupiga kwa mpangilio. Hatari yake ni hii: damu inatuama kama maji kwenye mfereji ulioziba, inaganda, na bonge likisafiri hadi kwenye ubongo unapata kiharusi. Tatizo hili huongeza hatari ya kiharusi karibu mara 5, na wengine hawasikii dalili yoyote.

Je, hapa kwetu lipo? Utafiti uliochapishwa 2012 uliwapima wazee zaidi ya 2,000 wa wilaya yetu ya Hai, wenye miaka 70 na kuendelea. Waliokutwa nalo hawakufika hata mmoja kati ya mia. Usishangilie bado. Karibu wazee 7 kati ya 10 walikuwa na presha, na presha ni mlango mkubwa wa ugonjwa huu. Mlango huo unaanza kufunguka ukiwa bado kijana.

Haya ndiyo niliyobadilisha:

1. Pombe. Hapa ndipo palikuwa pagumu. Kwenye harusi au sikukuu za Desemba, ukikataa mbege unaonekana unaringa. Lakini kuna utafiti wa Australia wa 2020 uliohusu wanywaji 140 wenye tatizo hili. Ndani ya miezi 6, lilirudi kwa 73 kati ya kila 100 walioendelea kunywa, na kwa 53 kati ya kila 100 waliotakiwa kuacha. Mimi nimeacha kabisa.

2. Chumvi na presha. Chumvi ya mezani tumeiondoa. Presha napima kila mwezi, kama ninavyofuatilia maziwa ya ng'ombe wangu.

3. Usingizi. Kumwagilia saa nane usiku na kuamka alfajiri kukamua niliona ni uhodari. Sasa tunapeana zamu. Na kama unakoroma sana huku pumzi zinakatika usingizini, mwambie daktari, nalo huchangia.

4. Kahawa. Wengi huniuliza kama niliacha. Hapana. Daktari wangu aliniruhusu kikombe kimoja au viwili kwa siku. Vinywaji vya kuongeza nguvu ndivyo nilivyoviacha, ninyi wa bodaboda na mizigo mnanielewa.

5. Dawa za shambani. Sisemi ndizo zilizoniletea ugonjwa. Ila viuatilifu vya kundi la oganofosfeti, kama profenofosi, vikikuingia mwilini vinaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Glavu, barakoa na nguo ndefu siyo mapambo.

6. Mwendo. Kutembea naendelea, maana milima yetu ni mazoezi ya bure. Ila sibebi tena mikungu miwili kwa mpigo kuonyesha nguvu.

Sasa kosa langu kubwa. Msimu wa kuchuma kahawa nilijisikia mzima, nikaacha vidonge vya kuzuia damu kuganda. Nilijiambia, nimeshabadilisha maisha, dawa ya nini? Wiki ya tatu moyo ukavurugika tena, nikalazwa. Nilikuwa na bahati, haikufika kiharusi. Daktari akaniambia: "Wewe unawafundisha watu wasiache kupuliza dawa katikati ya ratiba. Mbona wewe umeacha?" Sikuwa na jibu. Mbolea haichukui nafasi ya maji, na mabadiliko ya maisha hayachukui nafasi ya vidonge.

Kazi yako ya leo: kaa umetulia dakika tano. Weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Kwa mtu mzima aliyepumzika huwa kati ya 60 na 100. Sikiliza na mpangilio wake pia. Yakiwa yanarukaruka ovyo, nenda kituo cha afya ukapimwe. Ukiona kifua kinauma, mtu amezimia, mdomo umepinda au mkono umelegea, usisubiri jua lipungue. Tafuta usafiri saa hiyohiyo.

Shamba linaweza kukusubiri wiki moja. Tuonane shambani, tukiwa wazima.