Mfarishi wa Viraka katika Nyumba za Mwambao wa Rumonge

Mfarishi, kwa muundo wake wa kawaida, ni nguo ya kujifunika au ya kutandika iliyofanywa kwa matabaka matatu: uso, ambao aghalabu huungwa kwa viraka vya vitambaa mbalimbali, kijazo cha katikati, kiwe cha pamba, cha sufi au cha blanketi kuukuu, na bitana, yaani kitambaa cha chini kinachokificha kijazo hicho. Matabaka hayo hushikamanishwa kwa mishono inayoyapenya yote kwa pamoja, na mishono hiyo, wala si viraka, ndiyo inayoufanya mfarishi uwe mfarishi. Mjini Rumonge, ulioko yapata kilomita 75 kusini mwa Bujumbura, ambako uso wa Ziwa Tanganyika uko kwenye kimo cha mita zisizofika 800 juu ya usawa wa bahari, joto la usiku halimlazimishi mtu kujifunika kitu kizito, na kwa sababu hiyo anayewashonea jamaa zake mifarishi anaweza kuliacha tabaka la katikati na kubaki na uso na bitana tu. Mambo hubadilika mtu anapopanda milima ya Mumirwa kuelekea kwenye safu inayogawa maji ya Kongo na ya Nile, kwenye vimo vinavyopita mita 2,000, kwani huko nguo hiyohiyo bila blanketi ndani yake ni pambo zaidi kuliko kinga.

Nguo katika eneo hili ina historia ndefu ya kuungwa. Kabla pamba haijaenea, Warundi walivaa impuzu, nguo itokanayo na gome la mti wa jamii ya mtini ambalo hulowekwa na kupondwa kwa nyundo za mbao mpaka likatanuka na kulainika, na katika ufundi wa namna hiyo, unaoendelea mpaka leo nchini Uganda, mahali panapotoboka wakati wa kuponda hutiwa kiraka palepale. Misafara ya pwani ilipofika ziwani ilileta merikani, kitambaa cheupe kisichopaushwa kilichotoka Marekani kwa njia ya Zanzibar, pamoja na kaniki iliyotiwa rangi ya nili, na wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, kwenye ufuo wa mashariki wa ziwa hilo, mwaka 1858 walikuta nguo ikitumika sokoni kama fedha, ikipimwa kwa mikono na kwa doti. Kitu kinachohesabiwa kama fedha hakitupwi ovyo, na huenda tabia ya kuhifadhi hata kipande cha upana wa kiganja ina mizizi yake huko, ingawa umaskini wa kawaida nao unatosha kuieleza.

Leo chanzo kikuu cha viraka ni kitenge, na mtu hawezi kukishona vizuri bila kujua kilivyotengenezwa. Kitenge cha nta kilizaliwa Ulaya katika karne ya 19 kwa kuiga batiki ya Java, na kampuni ya Vlisco ya Helmond, Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 1846, ndiyo inayotajwa mara nyingi kuhusiana nacho. Katika aina hiyo utomvu huchapwa pande zote mbili za nguo ili kuzuia rangi isiingie mahali fulani, na matokeo yake ni kwamba pande hizo hufanana na mshonaji hana haja ya kuhofia kugeuza kiraka ndani nje. Vitenge vya bei nafuu, ambavyo vingi hutoka China, huchapwa upande mmoja tu, na baadhi yake si pamba hata kidogo. Burundi yenyewe ilikuwa na kiwanda cha nguo cha COTEBU mjini Bujumbura, kilichokuja kurithiwa na Afritextile. Kipande kizima huuzwa kwa yadi 6, na kwa kuwa gauni moja na kilemba chake havikimalizi kila mara, vipande hubaki kwa fundi, kwa mwenye nguo, au kwa wote wawili.

Hapo ndipo tofauti ya fundi cherehani na mshonaji wa nyumbani inapojitokeza. Fundi wa sokoni anauza muda wake, na mfarishi unakula muda kuliko nguo yoyote ya mwilini. Chukua kifuniko cha mtoto mchanga chenye upana wa sentimita 90 na urefu wa sentimita 110, kinachoungwa kwa vipande vya mraba ambavyo kila kimoja kitaonekana kwa sentimita 10 kila upande. Vipande vinavyohitajika ni 99. Kila kipande hukatwa kwa sentimita 12, kwa sababu sentimita moja kila ukingo ni pambizo la mshono, yaani sehemu inayobaki ndani baada ya kuunga, na hivyo karibu theluthi moja ya kitambaa chote kilichokatwa hupotea machoni kabla kazi haijakamilika. Urefu wa mishono ya kuunga peke yake unakaribia mita 18, bila kuhesabu pindo la pembeni wala mishono ya kushika bitana. Fundi akidai malipo ya haki kwa kazi hiyo, bei itazidi ya blanketi jipya la dukani, na hakuna mteja atakayelipa. Kwa hiyo mfarishi wa viraka katika mazingira haya ni kazi ya nyumbani, na hutengenezwa na mtu ambaye hamtozi mjukuu au shangazi yake saa alizotumia. Aliyeanza kwa kubuni bei ya kuuzia amekosea mlango.

Ugumu wa kiufundi uko katika kuchanganya vitambaa vyenye tabia tofauti, wala hauko katika kushona kwenyewe. Kila nguo iliyofumwa ina mtande, ambazo ni nyuzi zinazokwenda kwa urefu wa jora, na mshindio, ambazo ni nyuzi zinazopita kwa upana; kitambaa hakivutiki sana kwa mtande, huvutika kidogo kwa mshindio, na huvutika kupita kiasi kwa mshazari, yaani kikivutwa kutoka pembe hadi pembe. Kipande kilichokatwa kishazari bila kukusudia kitavimba katikati ya uso ulionyooka, na hakuna pasi itakayokilaza. Aina ya uzi nayo hujulikana kwa kuchoma ncha ndogo: pamba hutoa harufu ya karatasi iungueyo na kuacha jivu laini, ilhali poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu, na kiraka cha poliesta chini ya pasi ya makaa, ambayo haina kipimo cha joto, ni hasara iliyokwisha kutokea. Kitenge kipya hufuliwa kabla ya kukatwa ili kipungue kwanza na ili uwanga wa kiwandani utoke. Wengi huongeza chumvi katika maji hayo kwa imani kwamba inashika rangi. Chumvi ina kazi wakati wa kutia rangi kiwandani, lakini haizuii kuchuja kwa nguo iliyokwisha kutiwa rangi, na kinachosaidia ni kuisuuza mpaka maji yatoke meupe.

Njia ya vipande vya mraba si ya pekee. Wasidi wa Karnataka, kusini magharibi mwa India, ambao ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, wengi wao kama watumwa kupitia Goa ya Wareno, hushona mifarishi iitwayo kawandi kwa utaratibu wa kinyume kabisa. Mwanamke huchukua sari kuukuu kama bitana, huanzia kwenye pembe, na huendelea kupanga viraka kufuata kingo huku akizunguka kuelekea katikati, akishona kwa bandi, yaani mshono mwepesi wa sindano kuingia na kutoka kwa hatua fupi zilizo sawa. Bandi hiyo moja huunga kiraka na kushikamanisha matabaka kwa wakati mmoja, kwa hiyo hakuna pambizo kubwa linalopotea wala haja ya cherehani. Pembeni huongezwa vipande vilivyokunjwa viitwavyo phula, maua, na kawandi isiyo navyo huhesabiwa kuwa uchi. Mtafiti Henry Drewal wa Marekani ameieleza kazi hiyo kwa kirefu. Kwa nyumba ya mwambao wa Tanganyika, yenye mabaki ya maumbo yasiyolingana, njia ya Wasidi inafaa kuliko ile ya mraba, ambayo hulazimisha kipande kizuri kikatwe ili kitoshe hesabu.

Si kila kitu cha familia kinapaswa kuungwa. Foronya, kitambaa cha meza na kifuniko cha kitanda hustahimili viraka bila shida, lakini mbeleko, iliyochukua nafasi ya ingobyi ya ngozi ya kondoo ya Warundi wa zamani, hubeba uzito wa mtoto kwa mvuto wa upande mmoja, na mshono uliokatiza mvuto huo ndio utakaotatuka kwanza. Anayetaka kuipamba hana budi kutumia kitambaa kizima na kushonea viraka juu yake, bila kukikata cha chini.

Suala la usafi lina sura yake ya pekee Rumonge, mji wa michikichi, ambako doa la mawese halikwepeki katika nyumba yenye jiko na watoto. Doa hilo ni vitu viwili: mafuta, ambayo sabuni huyatoa, na karotini, rangi nyekundu ya mawese, ambayo sabuni huiacha nyuma ikiwa alama ya manjano. Karotini huvunjwa na mwanga wa jua, kwa hiyo doa lililokwisha kufuliwa hufifia likianikwa. Lakini jua hilohilo hupausha pia rangi za kitenge, na kwa mfarishi wenye rangi nyingi lililo bora ni kufunika uso wote kwa kanga kuukuu na kuacha wazi kiraka chenye doa peke yake, kwa muda wa asubuhi moja.