Binti wa Kilifi na Kazi ya Theluji

Sisi wa bonde la Kilombero twaijua theluji kwa kusikia tu. Kutoka Kidatu penye mashamba ya miwa na kiwanda cha sukari, ukipita Mang'ula na Kiberege hata kufika Ifakara, nchi ni joto na maji. Na milima ya Udzungwa inayotukinga, ingawa kilele chake cha Luhombero kina urefu wa mita 2,576, haivai kilemba cheupe. Mteremko kwetu ni kitu cha kushukwa taratibu, mzigo ukiwa kichwani. Basi tukileta leo habari za binti wa pwani aliyefanya kazi ya kushuka milima ya barafu kwa mwendo wa gari, huenda ndugu msomaji akadhani twamsimulia hekaya.

Mtu huyo ni Sabrina Wanjiku Simader. Alizaliwa mwaka 1998 Kilifi, kando ya bahari, katika nchi ya jirani zetu wa Kenya. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu alihamia Austria, alikokuwa mama yake, na huko akalelewa na baba wa kambo mwenyeji wa nchi ile. Mzee huyo alikuwa na mtambo wa kuvutia watu mlimani, wale wanaopanda kwa kamba ili washuke kwa miguu yao iliyofungwa skii, yaani zile mbao nyembamba ndefu za kutelezea. Mtoto aliyekulia mlangoni pa mtambo wa namna hiyo hana ajabu akijua kuteleza, kama vile mtoto wa mvuvi wa mto Kilombero asivyo na ajabu akisimama wima ndani ya mtumbwi wa gogo.

Hata hivyo wako walioona ajabu. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann alipotoa habari kwamba ameiona theluji juu ya Kilimanjaro, mabwana wa jiografia huko Ulaya walimbishia miaka mingi, wala hawakufikiri kuwauliza Wachagga waliokuwa wakiitazama kila asubuhi. Tabia hiyo haijafa. Wako wanaoamini hata sasa kwamba theluji ina wenyewe na joto lina wenyewe, na kila mtu akae kwake.

Yafaa tueleze kazi yenyewe ilivyo. Katika mbio ziitwazo slalomu kubwa, mteremshaji hupita kati ya miti yenye vitambaa vyekundu na vya buluu, naye hushuka mara mbili, nyakati zote mbili zikajumlishwa. Mbio za super-G ni kali zaidi. Hapo mtu hushuka mara moja tu, na haruhusiwi kuijaribu njia kwa mwendo wa mbio kabla ya siku yenyewe; asubuhi huteremka polepole akiikariri kila kona kichwani, kisha huachiwa aende, na mwendo waweza kupita kilomita 100 kwa saa. Hana bodi la chuma la kumkinga. Goti likipinduka, huenda kazi imekwisha. Wakati hupimwa kwa sehemu ya mia ya sekunde, na chini ya skii hupakwa nta maalumu kulingana na baridi ya siku hiyo, na kingo zake za chuma hunolewa kama panga la mkata miwa.

Katika kazi hiyo Simader aliiwakilisha Kenya mwaka 2016 katika Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya majira ya baridi huko Lillehammer, Norway. Mwaka 2017 alishindana katika mashindano ya dunia huko St. Moritz, Uswisi. (Uswisi si nchi ngeni kwa watu wa Ifakara: tangu mwaka 1957 wataalamu wa Basel walikuwa na maabara yao hapa ya kuchunguza magonjwa ya nchi za joto, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Wao walikuja kutafuta mbu, na binti wa Kilifi akaenda kutafuta theluji yao. Hatuoni kwa nini safari moja iitwe elimu na nyingine iitwe kioja.) Mwezi Februari 2018 akafika PyeongChang, Korea ya Kusini, mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki Olimpiki ya majira ya baridi. Timu nzima ya Kenya ilikuwa yeye peke yake, hivyo bendera aliichukua mwenyewe. Katika super-G alifika mwisho wa njia salama, mbali nyuma ya washindi. Siku hiyo dhahabu ilikwenda kwa Ester Ledecká wa Cheki, aliyemshinda Anna Veith wa Austria kwa sehemu moja tu ya mia ya sekunde.

Kabla yake alikuwako Philip Boit, Mkenya aliyekimbia kwa skii nchi tambarare, huko Nagano, Februari 1998, miezi miwili tu kabla Simader hajazaliwa. Boit alikuwa wa mwisho katika kilomita 10, na mshindi, Bjørn Dæhlie wa Norway, alimngoja penye mstari ili ampe mkono. Boit akampa mwanawe jina la Dæhlie. Lakini tusisahau kwamba safari ya Boit kwenda kujifunza skii Finland ililipiwa na kampuni ya viatu, Nike, na kampuni haimwagi fedha pasipo kutazamia biashara.

Na hapa ndipo penye neno. Austria mteremko ni kazi ya mshahara, wenye viwanda vya skii, mahoteli na mitambo wote wanakula humo. Mwaka 1972 Karl Schranz, bingwa wa Austria, alifukuzwa katika Olimpiki ya Sapporo kwa hoja kwamba alipokea fedha za makampuni. Aliporudi Vienna umati mkubwa wa watu ulijaa barabarani kumlaki. Waliona wazi kwamba aliyekuwa akiumia magoti ni yeye. Miaka iliyofuata sharti hilo la kutolipwa likalegezwa. Lakini fedha hufuata washindi: katika mashindano ya Kombe la Dunia, yaliyoanza mwaka 1967, alama hupewa watu 30 wa kwanza tu, na katika slalomu kubwa aliye wa 31 baada ya mteremko wa kwanza hufungasha virago.

Mataifa makubwa ya milima humpa mteremshaji wao kocha, daktari na fundi wa kunoa skii. Anayetoka nchi isiyo na theluji hupewa bendera. Bendera ni heshima, hatuidharau hata kidogo. Ila nauli, skii na matibabu ya mguu uliovunjika vina bei, wala haviulizi mtu amezaliwa Kilifi au Vienna. Wako waliosema Simader ni mazao ya Austria na si ya Kenya. Twawauliza: je, aliposhuka peke yake PyeongChang, matokeo yake yaliandikwa kwa jina la nchi gani?

Katika Olimpiki ya Beijing mwaka 2022, Afrika iliwakilishwa na Eritrea, Ghana, Madagaska, Moroko na Nigeria. Kenya haikuwako.