Bandu Bandu Huisha Gogo: Burudani Rahisi na Saa za Mwanafunzi

Wahenga walinena kuwa bandu bandu huisha gogo. Gogo hilo huweza kuwa muda wetu wenyewe. Makala haya yanaeleza jinsi burudani ya bei nafuu inavyoumega muda wa mwanafunzi bila yeye kutambua.

Ikumbukwe kwamba burudani si dhambi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mwanafunzi aliyetaka kujiburudisha mjini Eldoret aliingia katika ukumbi wa video au mkahawa wa intaneti. Huko kulikuwa na mipaka. Filamu ilifika tamati, watazamaji wakatoka. Mkahawa ulitoza kwa dakika, hivyo mteja alitupa jicho moja kwenye saa na jingine mfukoni.

Leo mipaka hiyo imeondolewa. Kwanza, rununu i kitandani wala haihitaji nauli. Pili, video fupi hazina tamati: moja ikiisha, nyingine hujileta pasipo kuitwa. Tatu, kuna vifurushi vya data vinavyodumu saa moja tu. Aliyevinunua huona hasara kuviacha vipotee, akatazama hata asichokipenda. Unafuu wenyewe ndio mtego.

Hebu tupige hesabu. Saa 2 kwa siku, katika muhula wa majuma 15, ni saa 210. Kozi ya kawaida chuoni hukadiriwa kuwa na saa 45 za mihadhara. Mwanafunzi huyo basi ametumia muda unaotosha kozi nne na zaidi, ilhali akiulizwa mbona hajawasilisha insha, hujibu kwa unyofu kwamba hakupata wakati. Mwandishi wa makala haya hajitoi katika kundi hilo.

Je, suluhisho ni kuitupa rununu? La hasha! Tutazame Kaptagat, karibu na Eldoret. Katika kambi ya mazoezi huko, Eliud Kipchoge, aliyekimbia marathoni ya Berlin kwa saa 2:01:09 mwaka wa 2022, aliishi na wenzake kwa miaka mingi, wakigawana kazi za usafi, naye akiyaandika mazoezi yake daftarini. Wanariadha wa aina hiyo hupumzika sana, hata mchana. Ila mapumziko yao yana saa ya kuanza na saa ya kukoma. Kwao, kupumzika ni sehemu ya kazi.

Nasi tuirudishie burudani mipaka yake. Mwanafunzi na atazame filamu moja nzima pamoja na wenzake, kisha waijadili. Rununu na ilale mbali na kitanda. Saa zilizotumika na ziandikwe daftarini kwa muda wa juma moja, kwani hesabu iliyoandikwa haidanganyi.

Gogo likibanduliwa ovyo huishia kuwa vibanzi vya kuwashia moto. Likichongwa kwa makusudi huwa mzinga, na mzinga huleta asali.