USITIE SAHIHI KABLA YA KUULIZA

Pengine siku moja wataalamu watafika kijijini kwako. Watasema wanafanya utafiti wa malaria au kichocho. Wataomba damu yako kidogo. Watakupa karatasi utie sahihi.

Utafiti ni kitu kizuri. Dawa na chanjo tunazotumia zilijaribiwa kwanza kwa watu. Lakini lazima ukubali mwenyewe, baada ya kuelewa.

Sikiliza yaliyowapata wakulima wa Marekani. Mwaka 1932 madaktari wa serikali walikwenda wilaya ya Macon, jimbo la Alabama. Waliandikisha wanaume weusi wapatao 600. Wengi walikuwa wakulima maskini. Kati yao 399 walikuwa na kaswende. Hawakuambiwa. Waliambiwa wana "damu mbaya" na kwamba wanatibiwa. Walipewa chakula siku ya kupimwa, na kuahidiwa fedha za mazishi. Fedha za mazishi! Mgonjwa anaahidiwa jeneza badala ya dawa.

Kumbe madaktari walitaka kuona jinsi kaswende inavyomla mtu asiyetibiwa. Kufika mwaka 1947 penisilini ilikuwa inaponya ugonjwa huo. Wao hawakupewa. Baadhi yao walikufa. Baadhi ya wake zao waliambukizwa. Mambo hayo yaliendelea miaka 40, mpaka magazeti yalipoyafichua mwaka 1972. Rais Clinton aliomba radhi mwaka 1997. Wengi walikuwa wamekwisha kufa.

Je, wewe ufanye nini? Hapa Tanzania Bara, utafiti wa afya kwa watu lazima uwe na kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Taasisi hii iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979. Omba kukiona kibali hicho. Kisha soma ile karatasi polepole. Usione haya kuuliza. Mnatafuta nini? Damu yangu itapelekwa wapi? Dawa hii inaweza kunidhuru? Nikidhurika, nani atanitibu? Kama mama au baba hajui kusoma, msomee kabla hajaweka dole gumba.

Unaweza kukataa. Unaweza pia kukubali leo na kuacha kesho. Zahanati haiwezi kukunyima matibabu kwa sababu hiyo. Hata mwenyekiti wa kijiji akiwakaribisha wageni, hajakukubalia wewe.

Ukikubali, omba nakala yako ya karatasi. Iweke pamoja na kadi yako ya zahanati.